Mchumba Aliyeangalia Chini

Nilitaka kitu kimoja tu: picha za uchumba zenye maua ya kweli. Sikuomba gari refu jeupe, sikuomba njiwa wa kurushwa hewani. Niliomba maua yaliyoota yenyewe mlimani, na upepo kidogo wa kuinua nguo. Anayeishi Kolwezi, mji wetu wa migodi, ataelewa kwa nini ombi dogo namna hiyo liliniletea maumivu ya kichwa msimu mzima.

Kwetu, mtu akishaposwa, picha hazikwepeki. Zinawekwa kwenye kadi za mwaliko, zinachapwa kwenye bango la mlangoni pa ukumbi, na usiku wa arusi zinapita ukutani moja baada ya nyingine huku wageni wakingoja chakula na kutoa hukumu. Rafiki zangu wote walipigiwa picha zao katika bustani ya hoteli moja yenye chemchemi isiyotoa maji. Nilienda kuiona. Jumamosi ile maharusi walikuwa wamepanga foleni kama watu wa bombani, kila mmoja ameshikilia gauni lake lisiguse chini, na mtunza bustani alikuwa akipita na mpira wa maji kuosha vumbi la malori kwenye majani kabla ya kila jozi mpya kuingia.

"Mama, muyikale pale," aliniambia bila hata kunitazama. "Kuko bibi arusi mwingine mbele yenu."

Sikukaa. Nikaenda studio. Studio ilikuwa na ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na milima yenye theluji. Tungetokea tumeoana Ulaya, na jasho la Kolwezi likitiririka shingoni. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikasema picha zangu zitapigwa kwenye kilima cha maua au hazitapigwa kabisa.

Kilima chenyewe nilikijua tangu utoto. Mama yangu ni mtu wa Kasaji, na tulipokuwa tukienda kwao kwa treni nilikuwa nikining'inia dirishani. Msitu, msitu, msitu tu, halafu ghafla kilima kisicho na mti hata mmoja, majani mafupi, na baada ya mvua kimefunikwa chote na maua madogo ya zambarau. Mama alikuwa akinivuta sketi akisema nikae. Nilikaa, lakini kilima kile kilibaki kichwani.

Mtu asidhani sikujua kwa nini kilima hakina miti. Kila mtoto wa Kolwezi anajua. Shaba ikiwa karibu na uso wa ardhi, miti inakataa kuota, na yanabaki maua hayo, ambayo yenyewe shaba inayapendeza. Wachimbaji wanayaangalia maua yale jinsi mama muuza samaki anavyoangalia jicho la samaki. Nilijua yote hayo. Nilichoona ni kwamba nina haki, alasiri moja tu ya maisha yangu, ua liwe ua.

Sasa nimseme mchumba wangu, maana bila yeye hadithi haina matata. Alitoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana, akaja kuchimba kama walivyokuja wenzake kutoka kila pembe ya Kongo. Alikuwa mchimbaji hodari, wanasema. Mimi nilimfahamu kwenye duka la dawa ninapofanya kazi, alipokuja kununua dawa ya kifua, akakohoa juu ya kaunta yangu, nikamgombeza. Alirudi kesho yake kuomba msamaha, na keshokutwa bila sababu yoyote.

Mama aliposikia kazi yake, alikataa katakata. Kaka yangu mkubwa alibaki ndani ya shimo. Udongo ulishuka, wenzake wakachimba mpaka wakachoka, hawakumpata. Mama alilia pembeni ya tundu lile kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kulilia. Tangu siku hiyo alisema mchimbaji hataingia kwake hata kuomba maji.

Mchumba wangu akaacha kuchimba. Akajifunza kutengeneza pikipiki, akafungua kibanda chake kando ya barabara, mikono ikabadilika kutoka udongo kwenda oili. Hapo ndipo mama akakubali wazee wake waje kujionyesha. Walikuja na vinywaji na mbuzi, kama inavyopasa. Na mama akaongeza ombi moja ambalo sijawahi kusikia katika posa nyingine yoyote: alitaka mtarimbo wake, ule ambao wachimbaji wanauita baramini.

Hakumwambia yeye. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, wala mama hamsemeshi moja kwa moja. Maneno yote yanapita kwa shangazi, dada wa marehemu baba yangu. Mkwe anaweza kuwa ameketi karibu kabisa, anasikia kila kitu, na bado mama atamgeukia shangazi na kusema, "Umuambie huyu." Shangazi naye anarudia neno kwa neno kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba mwanamume wa watu ni kiziwi. Jambo hilo lilikuwa likinichosha kuliko kazi.

Basi shangazi akasema, mchumba wangu akaleta mtarimbo umefungwa kwenye kitenge, akaulaza chini, shangazi akauokota akampa mama. Mama hakuuficha. Kesho yake aliusimika uani, akafunga kamba kutoka hapo mpaka kwenye mti wa avoka, na tangu hapo shuka zetu zikawa zinakauka kwenye mtarimbo wa mkwe. Majirani walicheka. Mama hakucheka. Ile ilikuwa ahadi, na aliitaka mahali ambapo angeiona kila asubuhi akifungua mlango.

Turudi kwenye picha. Mchumba wangu alikubali kilima haraka mno. Mwanamume ambaye alibishana nami juma zima kuhusu rangi ya tai, kwa kilima hakubishana hata kidogo. Tena akasema mpiga picha yupo, rafiki yake wa damu. Yeye na rafiki huyo walichimba shimo moja miaka yote, kisha rafiki akanunua kamera, na sasa anapiga picha za ubatizo na za arusi.

"Ule ni ndugu yangu," aliniambia. "Atatupiga muzuri."

Ndugu yake alienda peke yake kwanza kuangalia mahali. Jioni akanitumia picha kwenye simu. Nilizifungua nikiwa kazini, wateja wamenisimamia mbele. Picha ya kwanza, jiwe. Ya pili, jiwe lilelile kwa karibu. Ya tatu, ufa wa ardhi. Kulikuwa na ua moja mwishoni, limepigwa kwenye mizizi. Nilipofunga duka nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha pikipiki, nikawakuta wote wawili wameinamia simu, vichwa vimegusana.

"Hii ni nini?" niliuliza.

"Ni fasi tutapigia foto," alisema mpiga picha.

"Minaona paka mawe. Mawe tu."

"Unaona namna iko na kijani hapa pembeni? Na hapa, unaona namna inashuka..." Halafu akamtazama mchumba wangu, akaiweka simu mfukoni.

"Mi haiko jiwe," nilisema. "Mi niko bibi arusi. Mawe utapiga siku ingine."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko chao kilichelewa kidogo, na mimi kuchelewa kule nilikuona. Kijani juu ya jiwe, kwetu, ni shaba; niliondoka na moyo mzito. Njiani nilijisema kwamba ninakuza mambo, kwamba mpishi aliyeacha kupika bado atanusa sufuria za watu.

Kisha yakaja maandalizi, na Mungu anajua nilivyoteseka. Mchumba wangu akataka tuondoke mapema sana, watu wasituone. Akataka nivae viatu vya mpira. Akaniomba nisimwambie mtu tunakwenda wapi. Nikamuuliza maharusi gani wanakwenda kupiga picha kwa kujificha, akasema anataka iwe surprizi. Mwanamume huyo maisha yake yote hajawahi kumshtukiza mtu kwa jema wala kwa baya. Wakati huohuo shangazi akatangaza kwamba mahari haijakamilika, kwa hiyo sitoki mjini na mwanamume bila mtu wa upande wa baba yangu, na mtu huyo ni yeye. Akaja asubuhi ya safari na mwavuli, viatu vya kisigino, na sufuria nzima ya bukari, ugali wetu, na samaki, maana yeye hapigiwi picha na njaa.

Barabara ya kuelekea Mutshatsha baada ya mvua si barabara. Gari la kuazima la mpiga picha lilizama kwenye tope mara nyingi hata nikaacha kushuka. Watengeneza makaa walisimama na baiskeli zao zilizosheheni magunia, wakatazama gauni langu la rangi ya maziwa kwenye dirisha, wakasukuma gari, wakaondoka wakitikisa vichwa. Shangazi aliimba nyimbo za kanisani njia nzima. Mchumba wangu hakuimba, alikuwa akitazama mstari wa miti kwa mbali akingoja uishe.

Chini ya kilima kuna kijiji, na huwezi kupanda bila kumsalimia chifu. Tulimkuta nyuma ya nyumba yake akisuka kikapu. Shangazi akapiga goti kidogo, akaeleza.

"Tata shefu, batoto bako na arusi. Banataka kupiga foto kule ku mulima, kwa mauwa."

"Kwa mauwa," alirudia chifu. Akaweka kikapu chini. "Bengine balikuya mwaka ulipita. Balisema banasoma mauwa. Balirudia na mifuko ya mawe."

"Sisi haina vile, tata."

Chifu aliitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwa mpiga picha. "Na ile ni ya kupima?"

"Ni ya foto, tata."

"Hm." Akanitazama mimi, gauni, kucha zilizopakwa rangi, viatu vya mpira. Niliona wazi kwamba kwake nilikuwa kisingizio kilichovalishwa vizuri kuliko vyote vilivyowahi kufika hapo. "Muzuri. Bwana arusi apande, na ule wa foto apande. Bamama babaki hapa."

Nilidhani sikuelewa. "Bibi arusi abaki, tata?"

"Mwanamuke akipanda pale, mawe inakimbia. Inazama chini, haionekane tena. Njo vile iko tangu bankambo, bazee ba zamani."

Neno hilo si geni. Wachimbaji wote wanalisema: mwanamke hasogei kwenye shimo, madini yatahama. Lakini pale hapakuwa na shimo. Palikuwa na kilima, maua, na mwanamke aliyekuja kupigwa picha na mume wake mtarajiwa, na ambaye sasa anaambiwa mume ataenda kupigwa picha na rafiki yake. Nilimgeukia mchumba wangu nikingoja acheke, ili na mimi nicheke, tumbembeleze mzee, tupande.

Hakucheka. Alikuwa akikitazama kilima. Kisha akasema polepole, "Pengine tuheshimu kawaida ya bantu."

Hapo ndipo nilipojua. Mwanamume asiyeheshimu hata zamu ya kinyozi ameanza kuheshimu kawaida. Alikuwa hataki mawe yakimbie.

"Mawe gani inakimbia?" nilimuuliza. "Nani kati yenu anatafuta mawe?"

Mpiga picha alikuwa akifuta kioo cha kamera yake, akifuta, akifuta. Hasira iliyonipanda siku ile ilikuwa na hofu ndani yake, na hofu ile ilikuwa na sura ya mama yangu amepiga magoti kando ya tundu. Nilitaka kurudi kwenye gari, nitupe gauni topeni, niseme arusi imekwisha.

Aliyeniokoa ni shangazi. Alikaza kitenge chake kiunoni, akafunga mwavuli.

"Tata shefu," alisema kwa adabu yote, "kwenu shangazi ni nani?"

Chifu alitabasamu kwa sababu aliona anakopelekwa. "Shangazi ni baba."

"Basi. Mi niko baba ya huyu. Baba anapanda mulima, na mutoto anafuata baba yake. Mwanamuke hapa eko wapi?"

Wazee waliokuwa wamekaa kando waliangua kicheko, na chifu naye akashindwa. Huwezi kubishana na jambo hilo. Kwetu shangazi ndiye baba mwanamke, na hata huko kwenye ardhi ya Walunda, mpaka Musumba kwa mfalme wao, kila mtu anajua nafasi hiyo. Chifu akaingia ndani, akatoka na pemba, ule udongo mweupe, akatupaka sote kwenye paji la uso ili wazee wa kale watujue. Ikapita juu ya vipodozi nilivyoamka usiku wa manane kupakwa. Nilikuwa nimeishiwa hata nguvu za kugomba.

Tulipanda. Nitasema ukweli: palikuwa pazuri kuliko nilivyokumbuka. Maua yalifika magotini, zambarau mpaka macho yanachoka, na nyuki, na upepo ule nilioutaka. Shangazi alivua viatu vyake vya kisigino akakaa juu ya mwavuli akala samaki. Na mchumba wangu, ndani ya suti yake, tai niliyoipigania, alisimama katikati ya yote hayo akiangalia chini.

"Angalia bibi yako," alisema mpiga picha.

Aliniangalia. Kidole cha mpiga picha kilipofika kwenye kitufe, macho yake yalikuwa yameshuka tena. Tukakaa, akaangalia chini. Tukasimama, akaangalia chini. Tukaambiwa tutembee tumeshikana mikono tukitazama maisha yetu ya kesho, akajikwaa. Kisha akapiga goti kuniwekea sawa pindo la gauni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na alipoinuka mfuko wa suruali yake ulikuwa umejaa upande mmoja. Aliokota jiwe. Alidhani sikuona. Katika picha zote zilizofuata suruali ile imevutwa chini upande wa kulia, na mshono unaonekana.

Nikakaa chini. Nikakaa kwa uzito wangu wote katikati ya maua, gauni limetandazwa, nikakataa kuinuka. Niliyaambia mawe yale, kimoyomoyo, kama ni kweli kwamba mwanamke anayafukuza, basi yakimbie sasa, yazame, yaende mpaka ng'ambo ya mto, nisiyaone tena maishani. Mpiga picha alifikiri ni pozi, akanizunguka akipiga. Nilikaa mpaka shangazi akauliza kama nimeumwa na kitu.

Juma lililofuata tulipeleka picha kwa mama. Ilikuwa siku ya kufua, uani kamba imejaa shuka. Mama aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango, shangazi kando yake, na mchumba wangu kwenye kiti cha mgeni, amegeuza bega kama inavyopaswa mkwe. Nilimpa mama simu, nikamwonyesha jinsi ya kusogeza picha kwa kidole. Alisogeza polepole. Alikwenda mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Umuulize huyu," alimwambia shangazi, "ni nini anaangalia kule chini."

Shangazi akarudia kwa sauti ya kijiji kizima.

"Umuulize, mu mufuko kuko nini."

Shangazi aliitazama picha, akaiona suruali, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sauti yake ilishindwa kutoka. Mama akainuka, akaweka simu kwenye kigoda. Alikwenda kwenye kamba. Sikuelewa anachofanya mpaka nilipoona ameukumbatia mtarimbo, anauyumbisha, huku na huku, ardhi ikilegea. Aliung'oa. Kamba ikaanguka na shuka zote, mbichi, kwenye vumbi. Hakuziangalia. Alivuka uani akasimama mbele ya mkwe wake, akamnyooshea mtarimbo kwa mikono yake miwili, na akamsemesha yeye mwenyewe.

"Baba," alisema, "kama unaenda, enda leo. Mbele ya arusi. Mi nilishalilia shimo moja. Mutoto yangu asilie ingine na pete ku kidole."

Shangazi alifunika uso kwa kitenge. Mama mkwe na mkwe, uso kwa uso, kitu kimoja mikononi mwao wote wawili. Jambo hilo halifanyiki. Mchumba wangu aliinuka upesi, akaupokea, maana huwezi kumwacha mama wa mtu amebeba chuma. Niliiona mikono yake ikiushika. Haikutafuta mahali, iliupata yenyewe, mmoja juu, mmoja chini, na mwili wote ukatulia. Nilimpenda na nilimwogopa, na nilimkasirikia mpaka meno yakauma.

Alisema akiangalia chini, lakini safari hii ilikuwa heshima. "Mama, siwezi kukudanganya. Tangu siku ile minawaza paka ule mulima. Nikilala, minauona. Ndugu yangu alishapeleka jiwe kupima. Iko muzuri. Iko muzuri sana." Akaugeuza mtarimbo mikononi. "Aliniomba jibu leo."

Mama hakumsaidia. Shangazi hakumsaidia. Mimi nilitaka, nikashindwa.

Kisha akaenda mahali tundu lilipokuwa, akainua mtarimbo, akaushusha. Akaushusha tena na tena, kwa nguvu ambayo sijawahi kumwona nayo kwenye pikipiki, udongo ukiruka mpaka kwenye suruali yake, na tundu likawa refu mara mbili ya lile la mama. Akausimika, akashindilia kwa kisigino. Akafunga kamba, akaivuta ikakaza.

"Kamba ilikuwa inalegea, shuka inafika chini," alisema, bila kumwambia mtu maalumu. "Sasa haitafika."

Mama alirudi kwenye kigoda chake. "Umuambie huyu," alimwambia shangazi, "atakula." Na shuka zote nikazifua upya mimi, nani mwingine.

Tuliweka kwenye kadi ile picha niliyokaa kwenye maua nimekasirika, pemba kwenye paji la uso, na yeye pembeni ameinamisha kichwa. Usiku wa arusi ilipopita ukutani, nilisikia wageni wakimsifu bwana arusi kwa unyenyekevu, wanaume wa siku hizi hawamwinamii mke hivyo. Shangazi alikohoa ndani ya glasi yake.

Kiangazi hakikwisha kabla kilima hakijajaa maturubai ya wachimbaji. Mpiga picha alikuwa kati ya wa kwanza. Ana nyumba ya matofali sasa, na amesahau kamera. Mawe hayakukimbia, pamoja na kukaa kwangu kote. Maua ndiyo yalikimbia; nilipita tena na treni, na kilima kimegeuzwa ndani nje. Mume wangu hajawahi kukitaja. Wachimbaji wa kule wanamletea pikipiki zao zimejaa tope la rangi ile, naye kabla ya kuzitengeneza anaziosha mwenyewe, taratibu, akiangalia maji yanavyoteremka. Nikimkuta hivyo namuuliza kama hana kazi. Ananiambia anayo.

Ameshika neno lake, na sina sababu ya kumshuku. Ila kila ninapokwenda kwa mama, nikisukuma lango, kabla sijapiga hodi, kabla sijamsalimia mtu, jicho langu linakwenda kwanza kwenye kamba ya nguo.